Bajeti ya mradi wa mikoko ianzie kwenye tope, sio kwenye Eksel

Vikundi vingi vya pwani vikiomba ruzuku ya uhifadhi vinaandika maelezo kurasa ishirini, alafu bajeti inakuja kuandikwa usiku wa mwisho kabla dirisha halijafungwa. Sasa sisi tunaopitia maombi, wengi wetu tunafungua bajeti kwanza. Maneno mazuri kila mtu anayo, ila kwenye bajeti ndo unaona kama aliyeandika amewahi kukanyaga hilo tope.

Tuchukue mfano wa kikundi cha Rufiji au Kilwa kinachotaka kurudishia mikoko hekta 5. Mkipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa 2 hekta moja inachukua miche 2,500, kwa hiyo hekta 5 ni miche 12,500. Je, yote itapona? Haiwezekani, kaa wanakula, mawimbi yanang'oa, kwa hiyo weka ya kujazia, tuseme asilimia 20, ni 2,500 mingine, jumla 15,000. Hiyo hesabu iandikwe palepale pembeni ya mstari wa bajeti, sio ibaki kichwani kwa katibu, maana anayesoma hawezi kukupigia simu kila akikwama.

Alafu aina ya mti inabadilisha bajeti nzima. Kati ya miti ya mikoko, aina yenyewe inayoitwa mkoko, na mkandaa, mbegu zake zinaanza kuota zikiwa bado mtini, unaziokota unachomeka moja kwa moja, kwa hiyo ukiniandikia kitalu kikubwa na viriba maelfu kwa ajili ya mkoko lazima nikuulize vya nini. Mchu, aina nyingine ya mikoko, ni habari nyingine, huo mara nyingi unaoteshwa kitaluni kwanza. Na boti nayo usiandike tu "usafiri wa boti, miezi 6", kupanda kunafuata maji, kwa hiyo kaeni na wavuvi wenu mhesabu bamvua (siku maji yanapojaa na kutoka sana) za msimu huo na siku ngapi maji yanatoka vya kutosha, hizo ndo siku za boti na za vibarua, nyingine zote mnalipia boti imefungwa tu.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni baada ya kupanda. Naona bajeti ina fulana, bango, mgeni rasmi, chakula cha uzinduzi, lakini kwenda kuhesabu miche iliyopona mwezi wa sita na wa kumi na mbili baada ya kupanda hakuna hata senti (fulana sizichukii jamani, ila hazioti). Ukaguzi na kujazia vikikosa fungu, ripoti ya mwisho mtaandika nini?

Mchango wa jamii msiuache. Mfuko wa ruzuku ndogo wa GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), ule unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, unataka kuona wenyeji nao wanachangia, kwa hela au kwa nguvu na vitu. Watu 40 wakijitolea siku 8, na kibarua kwenu kwa siku tuseme ni shilingi 10,000, hapo mna 3,200,000. Andikeni kwa bei ya kijijini kwenu, ukimpandisha kibarua bei ili mchango uonekane mkubwa tunajua.

Ruzuku nyingi zinaahidiwa kwa dola na nyie mnatumia shilingi. Mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania ilipanda ndani ya wiki chache tu, maana yake dola zilezile zilileta shilingi pungufu. Andika kiwango cha kubadilisha dola ulichotumia na tarehe yake, usitumie kile kinachokupendeza. Mstari wa "mengineyo" futa kabisa, kama ni dharura iite dharura, na kwanza soma mwongozo wa mfadhili maana wengine hawaikubali na wengine wanaweka ukomo kwa gharama za ofisi.

Halafu risiti. Mwenye mtumbwi hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, na mama aliyewapikia pia hana, hilo muulizeni mfadhili kabla hamjasaini mkataba, kwamba karatasi ya malipo yenye jina, kazi, kiasi na sahihi au dole gumba ataikubali au la. Akikataa basi mjue mapema ni vitu gani vitabidi vinunuliwe mjini, na nauli ya kwenda huko mjini nayo iingie kwenye bajeti.