Alama 34 Hazimwambii Mwalimu Afundishe Nini Kesho

Ukiingia ofisi za walimu wakuu mkoani Dodoma, iwe Bahi au Kongwa, hukosi kuona matokeo yamebandikwa ukutani: jina, alama, wastani, nafasi. Karatasi hiyo humfaa afisa elimu kata akija. Mwalimu wa Darasa la Kwanza haimfai sana. Mtoto aliyepata 34 kwa 100 katika kusoma, je, hajui herufi? Au anazijua ila hawezi kuziunganisha? Au anasoma sawasawa, lakini polepole, muda ukamwishia? Hao ni watoto watatu wenye alama moja, na kila mmoja anahitaji somo lake.

Chukua imla fupi: baba, meza, mbuzi, nyanya, ng'ombe. Mtoto akipatia baba na meza, kisha mbuzi akaandika "buzi" na nyanya akaandika "nana", ameshajieleza. Silabi za konsonanti moja anazo. Konsonanti zilizoungana bado. Kumrudisha kwenye a, e, i, o, u eti kwa sababu yuko mkiani ni kumpotezea muda. Apewe siku kadhaa za mba, nya, nda na ng'a. Ukimwekea 2 kwa 5 ukafunga daftari, habari yote hiyo imepotea.

Kinachotudanganya zaidi ni kuitikia kwa pamoja. Darasa zima linaimba ba, be, bi, bo, bu mpaka bati linatetema, na mgeni anaondoka ameridhika. Hebu andika "bo" peke yake ubaoni, umwite mmoja mmoja. Wapo watakaoanza kuimba kimoyomoyo tangu ba ili waifikie bo. Hao wameshika wimbo. Silabi bado hawajaisoma.

Tuwe waangalifu pia na matamshi. Wengi wa watoto wetu nyumbani wanazungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Mtoto akiona "kura" akatamka "kula", kisha akakueleza kwamba hiyo ndiyo watu hupiga siku ya uchaguzi, amesoma na ameelewa. Usimhesabie kuwa hajui kusoma.

Baraza la Mitihani hupima KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kitaifa katika Darasa la Pili, na ni vema, kwa sababu nchi inahitaji kujua imefika wapi. Lakini upimaji huo huja mwaka ukielekea ukingoni. Muda si mrefu mtoto yuko Darasa la Tatu, masomo yameongezeka, na mwalimu anayempokea anadhani kusoma kumekwisha kufundishwa. Upimaji unaomwokoa mtoto ni ule wa Machi, wa mwalimu wake mwenyewe.

Walimu huniuliza: nitawapimaje watoto 90? Swali la haki kabisa, maana kiwango kinachotakiwa ni 45 kwa darasa. Jibu langu ni watano kwa siku, dakika mbili kila mmoja, wengine wakinakili. Kwa siku 18 za masomo umewamaliza. Katika daftari andika jina, anachoweza na kinachomkwamisha. Kisha wapange kwa kinachowakwamisha, nafasi zao darasani uziache. Na kila mzunguko vikundi vivunjwe. Visipovunjwa, watoto wenyewe watavipa majina, na unayajua majina hayo.

Daftari hilo lisomwe pamoja na la mahudhurio. Mtama na uwele vikianza kukomaa, baadhi ya watoto huenda kuamia ndege, na pengo utaliona kwenye imla. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kufidiwa masomo aliyoyakosa, na mzazi aitwe mapema, asisubiri kikao cha mwisho wa muhula.

Kwenye vikao vya MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ningependa kila mwalimu aje na madaftari matano ya imla yasiyosahihishwa. Yafunguliwe mezani, makosa yasomwe pamoja, na kikao kisiishe kabla ya kila mmoja kuandika somo lake la Jumatatu.