Mteremko Haupumzishi Miguu

"Kaka, sisi kupanda hatuwezi, ndiyo maana tumechagua njia ya Ngorongoro kwenda Natron. Si ni kushuka tu?"

Ujumbe huo umenifikia tena wiki hii, kutoka kwa kikundi cha wafanyakazi wa hapa Mwanza wanaotaka niwaongoze kutembea mwezi wa saba. Nimewapigia simu tukaelewana. Lakini maneno hayohayo nayasikia kila msimu, na kila msimu kuna mtu anayeingia Ngare Sero, mwisho wa safari, akiwa ameshikwa mikono pande zote mbili, mzima wa mapafu, mzima wa moyo, miguu haitaki. Nimechoka kulieleza hili kwenye simu, kwa hiyo naliandika.

Njia yenyewe kwa ufupi. Mnaanzia Nainokanoka, mnapanda kuichungulia kreta ya Olmoti unakotoka mto Munge, mnavuka bonde la Bulati na vumbi lake, mnalala ukingoni mwa kreta ya Empakaai, mnapita Naiyobi, mnateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi chini ya mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai, kisha mnamalizia Ngare Sero kando ya Ziwa Natron. Siku nne au tano. Mizigo wanabeba punda, na askari wa hifadhi anatembea nanyi kwa sababu kule kuna nyati. Mambo ya vibali, mahema na chakula tutayamaliza ana kwa ana.

Sasa hesabu ya mwinuko. Sehemu za juu za ukingo wa Empakaai zinakaribia mita 3,200 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Natron liko kama mita 600. Ziwa letu Victoria liko mita 1,134, maana yake mkimaliza safari mtakuwa chini kuliko ufukwe wa Kirumba kwa zaidi ya mita 500. Watu wakiona hesabu hiyo wanafurahi: zaidi ya mita 2,000 za kuteremka, nani asiyetaka? Mimi nikiiona nafikiria mapaja yao.

Ukipanda, mwili unakuambia ukweli papo hapo. Unahema, moyo unadunda, jasho linatoka, unasimama mwenyewe bila kuambiwa. Ukishuka, mapafu hayana kazi kubwa, mapigo ya moyo yako chini, mnapiga hadithi na kuimba. Mtu anajisikia vizuri, anaongeza mwendo. Hapo ndipo anapojiumiza, na mwili haumwambii kitu mpaka kesho yake.

Kinachotokea ni hiki. Kila hatua ya kushuka, uzito wa mwili unaangukia mguu wa mbele, goti linataka kukunjika, na misuli ya mbele ya paja inalizuia. Inavuta huku inarefushwa. Ukipanda, misuli hiyohiyo inavuta huku inafupika, na hiyo ni kazi tofauti kabisa. Msuli unaorefushwa huku unavuta unatumia nyuzi chache kubeba uzito mkubwa, kwa hiyo kila uzi unabebeshwa zaidi, na baadhi zinachanika kwa ndani, michaniko midogo isiyoonekana kwa macho. Oksijeni inayotumika ni kidogo, ndiyo maana huhemi. Fikiria lori la mizigo linaloteremka Sekenke: injini haina kazi, lakini harufu ya breki unaisikia ukiwa ndani ya basi nyuma yake. Mapaja yako ndiyo breki.

Halafu kuna suala la wakati, ambalo ndilo linaloniudhi zaidi kwa sababu hata waongoza safari wenzangu wanalipuuza. Maumivu ya misuli iliyochanika hivi hayaji siku hiyo. Yanaanza kesho yake na kufika kileleni kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi. Sasa liweke hilo juu ya ratiba yetu. Siku ya Empakaai watu wanateremka ndani ya kreta kupitia msitu, hadi kwenye ziwa lenye flamingo, wanapiga picha, wanapanda tena. Jioni kambini kila mtu yuko safi. Wanasema, "Kumbe ni rahisi!" Kesho asubuhi wanatoka kwenye hema wameshika kamba. Na kesho hiyo, au keshokutwa yake, ndiyo siku ya kuteremka ukuta wa Bonde la Ufa, mteremko mrefu kuliko yote, juu ya majivu ya volkano na changarawe zinazoteleza.

Isitoshe, maumivu ni nusu tu ya tatizo. Msuli ulioumia hivyo unapungukiwa nguvu kwa siku kadhaa, hata pale maumivu yanapokuwa ya kuvumilika. Goti linapotakiwa kuzuiwa halizuiwi vizuri, linatetemeka, mguu unakaa mahali ambapo hukukusudia. Watu hawaanguki kwa sababu njia ni mbaya. Wanaanguka kwa sababu saa tatu za mwanzo wameshuka kwa mbio wakidhani wanapumzika, na saa ya nne miguu haina breki. Tena kadiri mnavyoshuka ndivyo joto linavyopanda, takriban nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000. Asubuhi mko ndani ya masweta, mchana mko kwenye jua la Natron na maji yamepungua chupani. Uchovu wa misuli na wa joto unawapata pamoja.

Nimewahi kuambiwa kwamba dawa ya haya yote ni viatu vya bei mbaya. Viatu vizuri vinasaidia, sikatai, lakini angalieni vijana wa Kimasai wanaotembea na punda wetu. Wamevaa katambuga za tairi, na jioni wanacheza. Miguu yao imezoea kushuka tangu utotoni, na wana namna ya kushuka. Mtazameni mmoja kwa dakika kumi: hatua ni fupi, magoti yamekunjwa kidogo muda wote, mwili uko juu ya miguu, mguu wote unakanyaga kwa pamoja, na hakuna sauti ya kishindo. Penye mwinamo mkali anakwenda upande huu, anageuka, anakwenda upande ule. Punda nao hufanya hivyohivyo bila kufundishwa.

Mgeni hufanya kinyume. Anaogopa, kwa hiyo anaegemea nyuma. Akiegemea nyuma uzito unahamia kisigino, kisigino kinakanyaga changarawe, changarawe zinabingirika, anakaa chini kwa makalio. Baada ya hapo anaogopa zaidi na anaegemea zaidi. Au ananyoosha goti kabisa kila hatua ili paja lipumzike, na hapo kishindo chote kinaingia kwenye goti lenyewe. Nikimwona mtu anashuka na goti lililonyooka namsimamisha, hata kama ni mzee wa kuheshimika. "Shikamoo mzee, naomba tukunje goti kidogo." Mwanzoni wanaona nawasumbua.

Kuhusu fimbo, nina msimamo na nina wasiwasi. Msimamo wangu ni kwamba fimbo mbili, ndefu kidogo kuliko za kupandia, zinapunguza mzigo wa magoti na zinamshika mtu anapoteleza. Wasiwasi wangu ni kwamba wanaopewa fimbo bila kufundishwa wanazitegemea kwa mikono huku miguu ikilegea, na fimbo ikizama kwenye majivu wanakwenda nayo. Kuna safari ambazo niliona waliotembea na fimbo moja ya mti, ile ya kuchungia ng'ombe, wakishuka vizuri kuliko wenye mbili za kukunja. Vitabu vingi vinalimaliza suala hili kwa sentensi moja. Mimi bado naamua kwa kumwangalia mtu mmoja mmoja.

Kucha: kateni siku kadhaa kabla, zinyooke, zisizidi ncha ya kidole. Kamba za viatu zikazwe kwenye kifundo kabla ya kila mteremko, ili mguu usisogee mbele na dole gumba lisigonge kiatu maelfu ya mara. Mtu anayepoteza kucha amepuuza moja kati ya hayo mawili, mara nyingi yote.

Sasa mazoezi, na hapa Mwanza tuna bahati ambayo hatuitumii. Watu wanajiandaa kwa kutembea Kirumba mpaka Pasiansi na kurudi, au wanakwenda kupunga upepo kwenye daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu za lami, wanarudi wakisema wamejinoa. Kutembea tambarare kunasaidia moyo na mapafu. Kwa mapaja yatakayoteremka ukuta wa Bonde la Ufa, hakusaidii karibu chochote. Misuli inajifunza kushuka kwa kushuka. Hakuna njia nyingine ninayoijua.

Na mji wetu umejengwa juu ya mawe! Waangalieni wakazi wa juu kabisa ya vilima vya Mabatini na Igogo. Mama anayeshuka kila alfajiri kwa ngazi za mawe na beseni kichwani kwenda kuchukua dagaa, na kurudi, ana mapaja yaliyo tayari kwa Natron kuliko kijana anayenyanyua vyuma kila jioni. Nimewachukua wa aina zote mbili, na tofauti yao niliiona siku ya ukuta.

Kwa hiyo ninachowaambia wateja wangu ni hiki: mpande kwa bodaboda, mshuke kwa miguu. Wengine wanacheka, wakidhani natania. Sitanii. Kama muda wako ni mdogo na mapafu yako si mabaya, kupanda unaweza kukulipia nauli. Kushuka lazima ukufanye mwenyewe. Vilima vyetu ni vifupi, kwa hiyo rudia. Wiki ya kwanza shuka kidogo tu. Siku mbili baadaye utaumwa, utashuka ngazi za nyumbani kinyumenyume, na hiyo ndiyo dalili kwamba misuli imepata ujumbe. Subiri ipone, kisha rudia na uongeze. Mara ya pili utaumwa kidogo sana kwa kazi ileile. Msuli ulioumizwa kidogo na kupona unajilinda dhidi ya kazi hiyohiyo kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo penye siri yote, na ndiyo sababu ninataka mtu aumie hapa, nyumbani kwake, na si kambini Naiyobi. Zoezi kali la mwisho liwe kama siku kumi kabla ya safari. Anayejaribu kufidia kila kitu wiki ya mwisho anafika Nainokanoka akiwa tayari ameumia.

Wale wanaosema maumivu haya ni "asidi" imejaa kwenye misuli, tafadhali. Hiyo asidi wanayoisema, laktiki, inaondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Haiwezi kukungojea mpaka keshokutwa. Kunyoosha viungo kabla na baada ya kutembea nako hakupunguzi maumivu haya kwa kiasi cha maana. Fanya kama unapenda.

Jambo moja sitaki mtu alifanyie mzaha: vidonge vya maumivu. Kuna wanaokuja na diclofenac mfukoni na kumeza asubuhi, mchana na jioni ili wasibaki nyuma. Dawa za kundi hilo, mwili ukiwa umepungukiwa maji na misuli imechanika, zinaweza kuumiza figo. Na mtu akiona mkojo wake umekuwa wa kahawia kama soda ya kola, anijulishe dakika hiyohiyo, asione haya. Hiyo ina maana msuli unavunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo, na safari yake inaishia hapo mpaka afike hospitali.

Nimalizie na ombi ambalo huja baada ya kila kitu kupangwa: "Kwa kuwa tutakuwa pale chini, siku ya mwisho tupande na Lengai." Ol Doinyo Lengai una mita 2,962. Unapandwa usiku wa manane ili kukwepa jua, ni mkali kuanzia chini, na asubuhi lazima uushuke, zaidi ya mita 1,500 za mwinamo, kwa mapaja yaliyotoka ukutani juzi. Mlima huo umewahi kunifanya nimshushe mtu mzima hatua kwa hatua, kamba kiunoni, mpaka jua likawa la saa sita. Siuunganishi tena mwishoni mwa safari hii, hata mkiongeza pesa. Anayeutaka aje miezi mingine, moja kwa moja Ngare Sero, miguu ikiwa mibichi. Wale walimu na wahasibu wa mwezi wa saba nimewapa namba ya bodaboda mmoja wa Igogo, wanaanza Jumamosi.