Kabla hujagusa kompyuta, andika majina yote ya mada yako

Hapa maktabani wanafunzi huniambia kila mara, "Nimetafuta, makala hamna." Nikitazama kisanduku cha kutafutia nakuta swali zima, kuanzia "what are the effects of" hadi alama ya kuuliza. Hifadhidata nyingi hulinganisha tu maneno yako na yale aliyoyaandika mtafiti. Kwa hiyo jiulize kwanza: watafiti wenyewe wanaliitaje jambo hili?

Chukua kichocho kwa watoto wa shule kando ya Ziwa Victoria. Makala za leo huandika schistosomiasis. Za zamani, na baadhi za sasa, huandika bilharzia au bilharziasis, kwa heshima ya Theodor Bilharz, daktari Mjerumani aliyewagundua minyoo wa ugonjwa huu Cairo mwaka 1851. Ukitumia jina moja, unajinyima kazi za watu waliotumia jingine. Andika schistosom* OR bilharzi* ndani ya mabano, kisha AND, kisha "Lake Victoria". OR hukubali jina lolote kati ya hayo; AND hudai pande zote mbili ziwemo. Kinyota hubeba miisho yote: Schistosoma, schistosomiasis, schistosomal. Alama za kunukuu huyashika maneno mawili pamoja. Bila hizo unaweza kuletewa maziwa ya jimbo la Victoria, Australia.

Kila mashine ina tabia zake. PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, ina orodha rasmi ya istilahi, MeSH, ambayo yenyewe huunganisha bilharziasis na schistosomiasis, lakini ukiweka kinyota huo msaada unazimika. Pia inataka AND, OR na NOT ziwe kwa herufi kubwa. Google Scholar haikitambui kinyota cha namna hii, hivyo huko andika kila jina kamili.

NOT, inayoondoa matokeo yenye neno fulani, nawasihi msiikimbilie. Mwanafunzi anaona matokeo mengi ya Zanzibar, anaandika NOT Zanzibar. Zanzibar inajulikana kwa kichocho cha mkojo, ilhali kando ya Ziwa Victoria kile cha matumbo ndicho kimeenea. Makala inayolinganisha sehemu hizi mbili inatupwa nje, nayo pengine ndiyo ingeijenga sura ya pili ya tasnifu yako. Afadhali uongeze neno, kwa mfano mansoni (kutoka Schistosoma mansoni, mnyoo wa kichocho cha matumbo), kuliko kufuta mahali.

Ukipata makala moja nzuri, usiishie kuipakua. Soma maneno muhimu chini ya ikisiri, ongeza yale ambayo hukuwa nayo kwenye karatasi yako, halafu tafuta upya, safari hii na kwenye African Journals Online.