Joto Linalopotea Katika Tanuri la Tao la Umeme

Kuyeyusha tani moja ya vyuma chakavu hadi kufikia nyuzi joto 1600 hivi za Selsiasi kunahitaji, kinadharia, chini kidogo ya kilowati-saa 400. Kiwandani, umeme ukijumlishwa na nishati ya gesi, kaboni na oksijeni, matumizi mara nyingi huvuka kilowati-saa 600 kwa tani. Ziada hiyo hutoka na moshi, hubaki kwenye slagi, yaani takataka nyepesi zinazoelea juu ya chuma kilichoyeyuka, au huchukuliwa na maji yanayopoza kuta na kifuniko.

Tao, yaani umeme unaoruka kama radi kutoka kwenye ncha ya elektrodi (fimbo ya grafiti inayopitisha umeme) hadi kwenye vyuma, hutawanya joto pande zote. Vyuma vikiwa bado vimerundikana hulizingira na kulipokea joto hilo, ila vikishayeyuka tao hubaki wazi na kuanza kuchoma kuta. Ndiyo maana mafundi hupuliza oksijeni na unga wa makaa ndani ya slagi: kaboni huinyang'anya oksidi ya chuma oksijeni yake, viputo vya monoksidi ya kaboni huiumua slagi, na povu hilo hulifunika tao. Fundi mzoefu huligundua jambo hili kwa sikio, kwani ngurumo kali ya tanuri hufifia na kuwa mvumo wa chini.

Oksijeni, hata hivyo, si ya kumwagwa ovyo. Ikizidi, bili ya umeme hushuka kweli, lakini chuma chenyewe huungua na kuishia kwenye slagi, hasara ambayo meneja anayehesabu kilowati-saa peke yake hataiona. Monoksidi ya kaboni nayo ikitoka bila kuungua huondoka na zaidi ya theluthi mbili ya joto ambalo kaboni ingetoa kama ingeungua kikamilifu, kwa hiyo inafaa kuichoma humo humo tanurini.

Moshi wa moto unaweza pia kupasha vyuma chakavu kabla havijaingia, ingawa mafuta na plastiki vilivyoganda juu yake huweza kuzalisha dioksini, kemikali zenye sumu kali, na mtambo wa kusafisha gesi hiyo una gharama yake. Kwa kiwanda chenye mtaji mdogo, ningeanza na muda: kuchambua na kukausha vyuma, kupunguza idadi ya mara ambazo kifuniko hufunguliwa, na kubakiza tanurini sehemu ya chuma kilichoyeyuka ili mzigo unaofuata uanze kuyeyuka mapema.