Mama alipima shati la pili

Wiki iliyopita, katika kikao cha kupanga mapokezi ya muhula mpya, mhadhiri mmoja ninayemheshimu aliuliza kwa nini tunatenga saa za ushauri nasaha kwa wanafunzi gei kutoka Thailand, ilhali kwao, kama alivyosema mwenyewe, ni pepo ya watu wa namna hiyo. Kabla sijafungua kinywa, mwenzake akadakia kwamba hata kama si pepo, maadamu wamekwisha kufika hapa Melbourne, Australia, watajitangaza na mambo yatakwisha. Huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii ya kuwashauri wanafunzi, na kauli hizo mbili nimezisikia mara nyingi kiasi kwamba ningeweza kuzitamka sambamba na wasemaji. Zinaonekana kupingana, kumbe zimetoka tumbo moja: zote hudhani kwamba uhuru ni kitu kimoja kinachopimwa kwa pishi moja, na linalobaki ni kuuliza nani amejaziwa na nani amepunjwa.

Hiyo ya pepo niimalize upesi. Ni kweli kwamba sheria ya kuwaadhibu wanaume wanaolala na wanaume wenzao ilifutwa Thailand mwaka 1956, na kwamba tangu tarehe 23 Januari 2025 watu wa jinsia moja wanafunga ndoa mbele ya msajili, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya kusini-mashariki mwa Asia iliyolitangulia. Lakini ni katika nchi hiyohiyo ambako mwaka 1996 wasimamizi wa vyuo vya Rajabhat walitaka kuwafungia gei mlango wa kusomea ualimu, wakarudi nyuma mwaka uliofuata baada ya kupigiwa kelele, na ambako serikali ilisubiri hadi mwaka 2002 kutamka rasmi kwamba kumpenda mtu wa jinsia yako si ugonjwa. Mtalii huona maonyesho ya jukwaani kule Pattaya, akapiga picha, akahitimisha. Hajawahi kuketi nyuma ya duka la vipuri mjini Nakhon Ratchasima siku ambayo shangazi watatu wanamwuliza mtoto wa kiume wa pekee ataoa lini.

Hiyo ya kujitangaza ndiyo inayonikera, na hapo nitakaa.

Kithai kina neno "phet", ambalo hubeba kwa pamoja yale ambayo fomu zetu za usajili zimeyatenga katika visanduku vitatu: maumbile, jinsia ya kijamii na mvuto wa kimapenzi. Neno "gay" wenyewe wamelikopa na kulikata upya kulingana na mwili wao, wakaliweka kando ya maneno yao ya zamani kama "kathoey", yaani aliyezaliwa mwanamume akaishi kwa namna ya kike, kwa hiyo kijana anayejiita "gay" mbele yangu huenda anachosisitiza zaidi ni kwamba yeye si kathoey, wala si kwamba anataka dunia nzima ijue anampenda nani. Sisi Waswahili tusingepaswa kushangaa. Kwetu Tanga wanawake wawili walioshibana huitana shoga mchana kweupe na hakuna anayegeuza shingo, ilhali neno hilohilo likitamkwa kwa mwanamume hugeuka tusi. Anayedhani kwamba maneno haya husafiri na mzigo wao ukiwa kamili hajapata kuyabeba.

Juu ya lugha kuna adabu. "Kreng jai" ni ule moyo wa kuchelea kumtwika mwenzako uzito ambao hakuuomba, na "bunkhun" ni deni la fadhila, ambalo kubwa kuliko yote ni la wazazi na halilipiki likaisha. Njia mojawapo ya kulipunguza ni mtoto wa kiume kuingia utawa kwa muda, hata kama ni kwa majuma machache tu, kwa kuwa husemwa kwamba wazazi hupanda mbinguni wakiwa wameshikilia pindo la vazi lake la njano. Mweke kijana huyo katika chumba changu, umwambie kwamba ukweli wake utamweka huru akimpigia mama simu leo jioni na kumtamkia waziwazi, kisha ujiulize ni nani hasa unayemweka huru. Anachosikia yeye ni kwamba umemwomba achukue mzigo wake, auweke kichwani kwa mama, kisha aite jambo hilo ujasiri.

Mafunzo yetu hayasaidii. Kila mshauri hapa amefundishwa kielelezo cha Vivienne Cass, mwanasaikolojia wa Australia ambaye mwaka 1979 aliupanga utambulisho wa gei katika hatua sita, kuanzia kuchanganyikiwa hadi kukamilika. Sina ugomvi naye. Aliandika wakati ambapo wenzake wengi walikuwa bado wanatafuta tiba ya jambo lisilo ugonjwa. Ugomvi wangu ni na anayekitumia kielelezo kama ngazi, akamwona kila Mthai mtulivu kuwa amekwama kwenye kidato cha tatu na anahitaji kusukumwa kwa nyuma.

Nieleze kisa kimoja, nikiwa nimebadilisha yanayoweza kumtambulisha mtu. Mwanafunzi wa uzamivu, mwenye ufadhili wa serikali yao ambao utamdai arudi kuitumikia nchi, aliishi na mpenzi wake miaka miwili katika chumba kimoja, na hakuwahi kumweleza mama yake neno lolote. Siku moja alikuja na kifurushi kilichotoka kwao, akakifungua mezani kwangu kwa sababu alitaka nione. Ndani mlikuwa na tambi kavu, vichupa vya kunusia ambavyo Mthai haachani navyo, viwili viwili, na mashati mawili ya kitambaa kimoja. Shati moja lilikuwa la kipimo chake. La pili lilikuwa pana mabegani kwa vidole vinne hivi, nalo lilimwenea vizuri yule mwenzake, ambaye mama alimwona mara moja tu kwenye simu ya video. Kila usiku mama huuliza kwa ujumbe, kama Wathai wote wanavyojuliana hali, umekula wali au bado. Na tangu mwaka jana huongeza, na rafiki yako je, amekula? Nilipokisimulia kisa hiki katika mkutano wa wataalamu, swali la kwanza lilikuwa kama hatimaye kijana alimwambia mama. Amwambie nini? Mama alikwisha kupima mabega.

Kinachowaleta mlangoni kwangu, ingawa wao husema wamefuata dawa ya usingizi, mara nyingi si familia bali ni Melbourne yenyewe. Kijana aliyekuwa mzuri wa kutajwa Bangkok, mweupe wa ngozi, mtoto wa wafanyabiashara wenye asili ya Kichina, anafungua programu ya kutafuta wapenzi na kukuta watu wameandika kwamba Waasia wasijisumbue, au, jambo ambalo yeye huliona baya zaidi, kwamba wanawataka Waasia tu kwa kuwa ni wapole na watiifu. Grindr, mojawapo ya programu hizo, ilitangaza mwezi Juni 2020 kwamba inaondoa kichujio chake cha kabila, lakini vidole vya watu havikuondolewa. Mji tulioambiwa kwamba wakiufikia mambo yatakwisha umemshusha ngazi ambayo hakujua kwamba alikuwa amesimama juu yake, na hana pa kulalamikia, maana kulalamika kwamba hutakiwi ni kujivua uso mwenyewe.

Mengine niyataje kwa mbio. PrEP, dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI, ambayo kwao angeipata kwa urahisi, katika nchi yenye kliniki ya siri ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Thailand tangu mwaka 1991, hapa inamhitaji aielewe bima yake na kukubali kwamba Medicare, bima ya afya ya umma ya Australia, si yake. Mkalimani asitafutwe mjini humuhumu, kwa sababu Wathai wa hapa wanajuana, na anayetafsiri asubuhi huenda ndiye binamu wa mwenye mgahawa anakofanyia kazi jioni. Mimi huomba wa simu, kutoka jimbo jingine. Na msimshangilie mtu hadharani kwa kuwa amevaa beji ya upinde wa mvua.

Sasa shaka yangu. Nimelelewa mahali ambapo sitara ni sehemu ya uungwana, ambapo mtu mzima huyaona mengi na kuyafunika, na nilipokutana na Wathai nilihisi nimefika kwa jirani. Ninaogopa kwamba wakati mwingine ninayemtetea si mwanafunzi bali ni malezi yangu. Kuna mmoja ambaye kwa mwaka mzima niliuheshimu ukimya wake, nikijisifu kimoyomoyo kwa ustaarabu huo. Alianza kwa kuniita "ajaan", mwalimu, na kufikia mwezi wa tatu akawa ananiita "phi", kama mtu anavyomwita kaka au dada yake mkubwa, nami nikadhani nimefaulu. Siku ya kuagana alinieleza, kwa upole ulioniumiza kuliko hasira, kwamba alikuwa akisubiri walau mara moja phi wake aseme kwamba nyumbani inaruhusiwa kuambiwa. Alikuwa amechelea kuniuliza, asije akaonekana anaukosoa utaratibu wangu.

Tangu hapo huuliza maswali mawili kwa sauti, katika kikao cha kwanza, nikiyapa uzito sawa: ungependa nani ajue, na ungependa nani aendelee kujua bila kuambiwa. Kisha huongeza la tatu, kwamba ukilazwa hospitalini usiku wa manane, tumpigie nani. Ni hilo la tatu ambalo humfanya mtu anyamaze kwa muda mrefu, na fomu ya chuo imeliachia mstari mmoja tu, wenye nafasi ya jina na aina ya undugu.

Kikao kijacho ni Jumanne. Nimeomba dakika ishirini badala ya tano, na nimeomba mstari huo wa fomu uongezwe nafasi.