Wi-Fi kujaa si intaneti kuwa nzuri

Alama ya Wi-Fi imejaa, kurasa hazifunguki, na wengi hukimbilia kupiga Windows upya. Jamani, msijitese. Alama ile hupima nguvu ya mawimbi kati ya kompyuta na ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) tu. Laini inayotoka kwenye ruta kwenda kwa mtoa huduma haiioni kabisa.

Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), andika ping 192.168.1.1 -t (au anwani ya ruta yako); amri hii huiuliza ruta tena na tena kama inajibu. Kwenye dirisha la pili andika ping 8.8.8.8 -t (hiyo ni seva ya Google huko kwenye intaneti), uyaache yote mawili yaendelee. Ruta ikikatika kujibu, tatizo liko hapo hapo kwako, kati ya kompyuta na ruta: chomeka kebo ya mtandao kati yao, ujaribu tena. Ruta ikijibu vizuri huku 8.8.8.8 ikileta “Request timed out” (yaani hakuna jibu), mara nyingi kasoro ni laini. Piga picha madirisha hayo, umtumie mtoa huduma.