Schumacher Hakuangushwa na Moto

Kwenye kila semina ya usalama wa vinu vya nafaka lazima atokee mtu wa bima na hadithi ya Ferdinand Schumacher, mfalme wa oti (nafaka ya uji) wa Akron, Ohio, Marekani: kinu kiliungua Machi 1886, hakuwa na bima, akafilisika. Makofi. Nimeisikia tena na safari hii sinyamazi.

Mwanzo wake naupitia haraka. Mzaliwa wa Celle, Ujerumani. Alihamia Marekani 1850, akafungua duka Akron, akaanza kusaga oti wakati Wamarekani wengi wakiziona chakula cha farasi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, jeshi la Kaskazini likanunua, akatajirika.

Ni kweli Jumbo, kinu chake cha ghorofa nane, kiliteketea bila bima. Kinu kuungua si ajabu. Vumbi la unga ni baruti. Minneapolis, Mei 1878, kinu cha Washburn kililipuka kikaua watu 18. Lakini jamani, tazameni miaka! Baada ya moto aliungana na wapinzani wake wa palepale Akron, na kampuni ikabeba jina lake. Mwaka 1891 yeye ndiye rais wa American Cereal Company, muungano wa vinu vikubwa vya oti. Muflisi gani huyo?

Aliyemng'oa ni Henry Crowell wa kinu cha Ravenna, mji wa jirani tu. Crowell aliuza oti kwenye boksi lenye picha ya mzee wa Kiquaker (dhehebu la Kikristo) na maelekezo ya kupika. Schumacher aliuza kwa mapipa, mwenye duka anachota na kupima. Matangazo aliyaona ni kutupa fedha. Na msiniambie oti za Crowell zilikuwa bora! Oti ni oti: unakoboa, unapitisha kwenye mvuke, unabonyeza kwa rola. Mteja hawezi kutofautisha pipa na pipa, ila boksi analiomba kwa jina, na mwenye duka hana budi kuliagiza.

Ndani ya muungano walivutana hadi Schumacher akataka kuwaondoa Crowell na mwenzake Robert Stuart. Wakakusanya hisa, na mwaka 1899 akaondoka yeye. Mwaka 1901 kutoka muungano huo ikazaliwa kampuni ya Quaker Oats.

Nakiri hoja yangu ina ufa: bila moto ule, huenda asingelazimika kugawana hisa na mtu, na 1899 asingeng'oka. Sawa. Ila miaka 13 ilikuwa katikati hapo, boksi likiuza mbele ya macho yake, naye bado anagombana na gharama za matangazo.